Neno lililokatwa mwisho wa mstari: tuliungeje kwa Haskell?

Swali. Shikamoo mwalimu. Nipo Dodoma, nasoma mwaka wa tatu masomo ya kompyuta. Mradi wangu ni kuhesabu maneno katika magazeti na vijitabu vya Kiswahili vya miaka ya 1970, hasa vinavyozungumzia uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa. Nimeviskani, nikavipitisha kwenye Tesseract, programu inayogeuza picha za kurasa kuwa maandishi, sasa naandika programu kwa lugha ya Haskell. Shida ni maneno yaliyokatwa kwa kistari: "maende-" juu, "leo" chini. Programu inanihesabia "leo" nyingi ajabu. Nilijaribu kufuta kila kistari kinachofuatwa na mstari mpya, nikapata "AfroShirazi", na mafaili mengine hayakubadilika hata kidogo. Rafiki yangu wa Python anasema niweke kibadilika cha kukumbuka mstari uliopita, lakini kwenye Haskell sijui nikiweke wapi. Nifanyeje?

Jibu. Marahaba. Umeanza na mfano mzuri sana, kwa sababu hizo "leo" za ziada ndizo zinazoonyesha ubaya wa jambo hili kwenye Kiswahili. Kama vipande vingekuwa takataka tupu, ungeviona mara moja kwenye orodha yako na kuvitupa. Lakini silabi zetu ni fupi na zimejitosheleza, hivyo neno likikatwa mara nyingi kipande kinachobaki ni neno halali. "Vijana" likikatwa linazaa "jana". "Mkutano" linazaa "tano". "Wananchi" linazaa "wana" na "nchi", yote mawili maneno mazima. Hesabu yako inaharibika kimyakimya, na hakuna kamusi itakayokushtua. Kwa hiyo usikubali ushauri wa kwamba makosa haya ni machache tu, yaache. Kwenye safu nyembamba za magazeti si machache.

Nianze na mafaili yaliyokataa kubadilika, maana hilo ni jepesi. Faili lililotengenezwa kwenye Windows lina alama mbili mwisho wa kila mstari: `\r` kisha `\n`. Wewe umetafuta `-\n`, na kwenye faili hilo kuna `-\r\n`, basi hakikuonekana kitu. Fanksheni `lines` ya Haskell hukata kwenye `\n` peke yake na kukuachia `\r` imening'inia mwisho wa mstari. Haionekani kwenye skrini, lakini ipo. Nafasi tupu iliyobaki baada ya kistari huleta shida ileile. Dawa ya yote mawili ni kuondoa kwanza kila kilicho nafasi mwisho wa mstari, ndipo uangalie kama kuna kistari. `isSpace` inaihesabu `\r` kuwa nafasi, hivyo huna haja ya kuishughulikia kipekee.

Sasa kiini cha swali. Rafiki yako hakukosea kwa lugha anayotumia, lakini nadhani wazo la kukumbuka mstari uliopita linakupeleka upande usiofaa. Mstari wenye kistari unangoja kitu kutoka chini, wala haukumbuki cha juu. Ukiutazama hivyo, kibadilika hakihitajiki. Unachohitaji ni fanksheni inayopewa mstari mmoja pamoja na mistari yote iliyo chini yake, ambayo tayari imeshaungwa, kisha iseme mstari huu mpya unaingiaje juu yao. Hiyo ndiyo kazi ya `foldr`:

```haskell
data Uamuzi = Unga | Bakiza | Acha

unganisha :: (String -> String -> Uamuzi) -> [String] -> [String]
unganisha amua = foldr hatua []
  where
    hatua a chini
      | Just kichwa <- kataKistari a
      , b : baki <- chini
      , (mkia@(c : _), ziada) <- nenoLaKwanza b
      , isAlphaNum c
      , Just mpya <- gundi (amua (nenoLaMwisho kichwa) mkia) kichwa mkia
      = mpya : [ziada | not (null ziada)] ++ baki
      | otherwise = a : chini

kataKistari :: String -> Maybe String
kataKistari s = case dropWhile isSpace (reverse s) of
  k : h : nyuma | k `elem` "-\x2010", isAlphaNum h
      -> Just (reverse (h : nyuma))
  _   -> Nothing

nenoLaKwanza :: String -> (String, String)
nenoLaKwanza s = (neno, dropWhile isSpace nyuma)
  where (neno, nyuma) = break isSpace (dropWhile isSpace s)

nenoLaMwisho :: String -> String
nenoLaMwisho = last . words

gundi :: Uamuzi -> String -> String -> Maybe String
gundi Unga   k m = Just (k ++ m)
gundi Bakiza k m = Just (k ++ "-" ++ m)
gundi Acha   _ _ = Nothing
```

Juu yake utaita `Data.Char`, na kwa msimbo unaofuata utaongeza `dropWhileEnd` kutoka `Data.List` na `Data.Map.Strict` kwa jina la `Map`.

Isome `hatua` polepole, maana kila mstari wake una sababu. `kataKistari` hukubali kistari pale tu kinapoigusa herufi au tarakimu iliyo kabla yake. Mwandishi akiandika "alisema -" akiwa na maana ya kituo, kuna nafasi katikati, basi mstari hauguswi. Ikiwa mstari wa chini ni mtupu, yaani aya imekwisha, `mkia` hauna herufi ya kwanza na sharti linaanguka lenyewe. Na tunapounga hatuupandishi mstari wote wa chini, tunapandisha neno moja tu. Mistari yako itaendelea kulingana na ukurasa wa karatasi, kitu utakachokishukuru siku ya kukagua kwa macho.

Angalia pia neno lililokatwa mara mbili, jambo la kawaida kwenye safu nyembamba:

```
sera ya ku-
jitege-
mea ni msingi wa
```

Kwa kuwa `foldr` hujenga matokeo kutokea chini, "jitege-" inakutana kwanza na "mea", inakuwa "jitegemea". Halafu "sera ya ku-" inaikuta "jitegemea" ikiwa nzima. Unapata "sera ya kujitegemea" bila kuandika neno hata moja la ziada kwenye msimbo. Ukijaribu hili kwa kutafuta na kufuta, au kwa kibadilika cha mstari uliopita, ndipo mikono huanza kuchanganyikiwa.

Kuna jambo dogo la mpangilio ambalo wengi hulipita. Nimeandika `hatua a chini`, kisha nikaifungua `chini` baada ya kuhakikisha kwamba `a` ina kistari. Ungeweza kuandika `hatua a (b : baki)` moja kwa moja upande wa kushoto na majibu yangekuwa yaleyale. Lakini hapo Haskell ingelazimika kuifungua orodha ya chini kwa kila mstari, hata usio na kistari, na ili kuifungua ingefungua iliyo chini yake, mpaka mwisho wa faili, kabla ya kukupa mstari wa kwanza. Kwa mpangilio huu, mstari usio na kistari unatoka hapohapo. Kwenye kijitabu kimoja hutaona tofauti. Ukiunganisha mafaili yako yote kuwa mkondo mmoja utaiona kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Umeona kwamba `unganisha` yenyewe haijui Kiswahili. Inajua mistari na vistari tu, na uamuzi inaupokea kama fanksheni kutoka nje. Nimefanya hivyo makusudi, na ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote: ufundi wa kuunga mistari utauandika mara moja na hautabadilika, lakini uamuzi wa kama kistari ni cha kweli au cha mchapaji utaubadilisha kila utakapokutana na aina mpya ya maandishi. Ukivichanganya, kila marekebisho ya lugha yatakuwa yanahatarisha ufundi.

Basi tuje kwenye uamuzi. Kuna njia mbili ambazo watu huzikimbilia, na kwa Kiswahili zote mbili hazifiki mbali.

Njia ya kwanza ni kamusi: unga vipande, na ukikuta neno lipo kwenye kamusi, basi kistari kilikuwa cha mchapaji. Hii inasaidia kwenye lugha ambazo neno hubadilika kidogo. Sisi kitenzi kimoja kinabeba nafsi, wakati, mtendwa, kauli na kukanusha, na kamusi haiorodheshi "hawatatupatia" wala "walivyokwishaanza". Ukifuata kamusi utaacha vistari kwenye nusu ya vitenzi vyako.

Njia ya pili ni kanuni za silabi. Donald Knuth alipotengeneza TeX, mfumo wa kupanga maandishi ya kuchapwa, mwanafunzi wake Frank Liang aliandaa, katika tasnifu yake ya mwaka 1983 pale Stanford, mbinu ya ruwaza zinazoonyesha neno linaweza kukatwa wapi. Wapo wanaoitumia kinyumenyume: kama pale kwenye kistari si mahali halali pa kukata, basi kistari ni cha kweli. Kwa Kiingereza inatoa mwanga fulani. Kwa Kiswahili haitoi, kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na karibu kila baada ya irabu ni mahali halali pa kukata. "Isimu-jamii" ina kistari cha kweli, na pale kilipo, mchapaji naye angeweza kukata bila kosa. Silabi haziwezi kuvitofautisha. Kitu kimoja tu zinakufaa: kipande cha juu kikiishia kwa konsonanti isiyo m wala n, shuku jina la kigeni, mkono wa haraka wa mchapaji, au Tesseract kusoma vibaya.

Ushahidi ulio bora unao tayari, nao ni maandishi yenyewe. Neno lililokatwa mwisho wa mstari huu huenda limeandikwa zima katikati ya mstari mwingine, mahali ambapo mchapaji hakuwa na sababu ya kulikata. Magazeti yako yaliyotoka kabla vyama vya TANU na Afro-Shirazi havijaungana mwezi Februari 1977 yatakuwa na "Afro-Shirazi" tele katikati ya mistari, ikiwa na kistari chake. "Maendeleo" nayo ipo tele, bila kistari. Hesabu zote mbili, kisha zilinganishe:

```haskell
hesabu :: [String] -> Map.Map String Int
hesabu mistari =
  Map.fromListWith (+) [(safi n, 1) | m <- mistari, n <- katikati m]

katikati :: String -> [String]
katikati = drop 1 . reverse . drop 1 . reverse . words

safi :: String -> String
safi = map toLower . dropWhileEnd bure . dropWhile bure
  where bure c = not (isAlphaNum c || c == '-')

amua :: Map.Map String Int -> String -> String -> Uamuzi
amua idadi k m
  | isDigit (last k) || isDigit (head m)            = Bakiza
  | isLower (last k) && isUpper (head m)            = Bakiza
  | mara (k' ++ "-") > 0 && mara m' > 0             = Acha
  | mara (k' ++ "-" ++ m') > mara (k' ++ m')        = Bakiza
  | otherwise                                       = Unga
  where
    k' = safi k
    m' = safi m
    mara n = Map.findWithDefault 0 n idadi
```

`katikati` inatupa neno la kwanza na la mwisho la kila mstari, ili vipande visiingie kwenye ushahidi. Kwenye safu nyembamba hilo linakula sehemu kubwa ya maneno, kwa hiyo hesabu kutoka kwenye mafaili yako yote kwa pamoja, usihesabu ukurasa kwa ukurasa.

Masharti mawili ya kwanza ni ya "1967-1973" na ya "Afro-Shirazi": tarakimu ikiwa upande wowote, au herufi ndogo ikifuatwa na kubwa, kistari kinabaki. Kichwa cha habari chenye herufi kubwa tupu, kwa mfano "USTAWI-" juu na "SHAJI" chini, hakinaswi na sharti la pili, kinateremka kwenye hesabu kama neno lingine lolote. Mstari wa mwisho ndio wenye msimamo wangu: vikilingana, hata kama vyote ni sifuri, unga. Kwa Kiswahili mzigo wa kuthibitisha uwe juu ya kistari. Vistari vya kweli kwetu ni vichache, na vitenzi visivyo kwenye orodha yoyote ni vingi mno. Ukigeuza mzigo huo, utajaza maandishi yako "hawata-tupatia".

Sharti la tatu linahitaji maelezo, nalo ndilo lililonifanya nitumie aina yenye thamani tatu mahali ambapo wengi wangetosheka na `Bool`, yaani ndiyo au hapana tu. Maandishi ya sarufi huandika viambishi vikiwa na kistari: "ngeli ya ki- na vi-". Sasa "ki-" ikiangukia mwisho wa mstari na "na" ikaanza mstari wa chini, ukiunga unapata "kina", neno halali linalotumika kila siku, na hesabu haitakuokoa bali itakuunga mkono. Ndiyo maana naangalia kama "ki-" imeonekana ikisimama peke yake katikati ya mistari, na kama kipande cha chini ni neno linalojitegemea. Vyote viwili vikiwa kweli, programu isiamue. Irudishe `Acha`, mistari ibaki ilivyo, na wewe uisome. Kwa magazeti yako sharti hili litaamka mara chache sana. Mwenzako wa isimu akikuomba msimbo kwa ajili ya tasnifu zake, litamfaa.

Kabla ya yote hayo kuna usafi wa kurasa, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Tesseract huweka alama ya `\f` mwisho wa kila ukurasa. Neno likikatwa mwisho wa ukurasa, kati ya "maende-" na "leo" kuna namba ya ukurasa, hiyo `\f`, na pengine jina la gazeti linalorudiwa juu. Kwa msimbo wa hapo juu utapata "maende-14". Hilo usilitibu ndani ya `amua`. Kata maandishi kwenye `\f` kwanza, toa kila mstari wenye tarakimu tupu ulio mwanzo au mwisho wa ukurasa, toa mstari wa juu unaojirudia ukurasa hadi ukurasa, toa na mistari mitupu iliyobaki kwenye kingo hizo, halafu ndipo uunganishe kurasa kuwa orodha moja ya mistari. `hesabu` nayo ipewe mistari iliyokwisha kusafishwa. Kama ukurasa una safu mbili au tatu, hakikisha Tesseract imezisoma moja baada ya nyingine. Ikiwa imesoma mstari kuvuka safu, hakuna uungaji utakaosaidia, rudi kwenye picha.

Mambo mawili ya haraka. Utakutana na kistari laini, U+00AD, kwenye maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti. Hicho maana yake ni moja tu, hakina mjadala, kwa hiyo kwacho ile njia yako ya kufuta ni sahihi kabisa: ondoa kila `\xAD` inayofuatwa na mstari mpya pamoja na mstari mpya wenyewe, kisha ondoa zilizobaki. Fuata mpangilio huo. Ukianza kuzifuta zote unapoteza alama iliyokuonyesha kwamba neno linaendelea chini. Na ile alama ya kwenye "ng'ombe" na "ng'oa" ipe umbo moja mapema, la sivyo neno moja litahesabiwa kama mawili.

Nimetumia `String` ili msimbo usomeke. Kwa mkusanyiko mkubwa hamia `Data.Text`, umbo la `unganisha` litabaki lilelile. Kama siku moja utahitaji hili kwa lugha ya Elixir, `List.foldr` ipo. Kwa Clojure geuza orodha kichwa chini kwanza, kisha tumia `reduce`.

Kabla ya kuamini matokeo, ipime `unganisha` kwa QuickCheck, maktaba ya Haskell inayojaribu fanksheni kwa data nyingi za kubahatisha. Ipo sifa moja ambayo lazima iwe kweli kwa orodha yoyote ya mistari na kwa uamuzi wowote utakaoupitisha: herufi na tarakimu zinazoingia ndizo zinazotoka, kwa mpangilio uleule.

```haskell
hakunaHerufiIliyopotea :: [String] -> Bool
hakunaHerufiIliyopotea xs =
  all sawa [\_ _ -> Unga, \_ _ -> Bakiza, \_ _ -> Acha]
  where
    sawa f  = herufi (unganisha f xs) == herufi xs
    herufi  = filter isAlphaNum . concat
```

Hii haikuambii kama umeunga kwa usahihi. Inakuhakikishia kwamba hujala neno la mtu njiani, na ukibadilisha chochote ndani ya `hatua` itakuambia papo hapo.

Kuhusu usahihi wenyewe hakuna njia ya mkato. Chapa kwenye faili la pembeni kila jozi iliyoamuliwa `Bakiza` au `Acha`, pamoja na zile za `Unga` ambazo neno zima halikuonekana popote katikati ya mistari. Zipange kwa alfabeti ili zinazofanana zikae pamoja, uzisome kwa macho. Majina ya watu na ya vijiji vya huku kwetu ndiyo yatakayojaa humo, kwa kuwa mengi hutajwa mara moja tu na hayana ushahidi mwingine. Hayo yasahihishe kwa kurudi kwenye picha ya ukurasa, na usikisie.